Dada wa Langoni, kinachokukesha ni hiki

Dada yangu, nimekuelewa: tamthilia fupi za kwenye simu, za wageni wawili wanaojikuta wameoana kwa makosa, zinakukesha hadi saa nane usiku na salio la M-Pesa linakwisha. Usijilaumu. Hapa Lamu bibi zetu wengi waliolewa kwanza, mapenzi yakaja baadaye. Ndiyo maana hadithi hizo zinatugusa. Ndoa ishafungwa, kilichobaki ni kujuana. Mimi moyo hunilainika pale mume anapomwekea mke glasi ya maji kando ya kitanda, wala hasemi neno.

Ila jua zilivyoundwa. Kipande ni dakika moja au mbili, na hukatwa palepale mkono unapoinuliwa kupiga kofi. Vya mwanzo ni bure, kisha unanunua sarafu za humo kwenye programu ili ufungue vinavyofuata. Basi zima katikati ya kipande, usingoje mwisho. Hilo lilinisaidia kuliko yote. Zima arifa pia, na ununuzi uuwekee nywila anayoijua ndugu yako tu.

Ukianza kukopa, au kumchukia mumeo kwa kuwa si yule tajiri wa tamthilia, mwone mshauri wa ndoa mapema, wala usione haya.