Tambi bila nyama zinashibisha, mwanangu

Mwanangu Baraka,

Meseji yako nimeiona asubuhi, unauliza mama tambi bila nyama naziwekea nini mtu akashiba, maana mwenzio mnaekaa nae hapo Kimara hagusi nyama na Jumanne ndo zamu yako ya kupika na unafika saa mbili usiku umechoka. Nimefurahi umeuliza, ungeweza kumkaangia mayai kila wiki ukaona yameisha.

Weka maharage na mchicha. Najua tambi ulizozizoea ni zile za futari kwa jirani zetu, za nazi na sukari na iliki, tamu sana ila hizi ni za chumvi, ni chakula cha usiku kabisa.

Sasa sikiliza, maharage hayapikwi Jumanne. Yanapikwa Jumapili. Loweka nusu kilo Jumamosi usiku, asubuhi mwaga yale maji, weka mengine, yachemke kwa moto mkali dakika 10 nzima ndo upunguze moto uyaache mpaka yakibonyezwa na vidole yanapondeka. Hizo dakika 10 usiziruke baba, hasa maharage mekundu, yakiwa hayajaiva yana sumu inayosumbua tumbo vibaya. Mimi mwaka niliojifungua dada yako mkaa uliniishia katikati nikasema yatatosha hivohivo, baba yako alitapika usiku kucha na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Yakishaiva gawa kwenye kontena, ya Jumanne weka kwenye friji, mengine friza. Nusu kilo ikiiva inazidi kilo, kwaiyo una milo kadhaa hapo.

Mboga nunua genge lolote ukishuka mwendokasi, mchicha mafungu mawili au chainizi, hata matembele. Kisamvu hapana, kile kinataka kutwangwa na kuchemka muda mrefu, sio cha mtu wa saa mbili usiku. Osha mchicha maji matatu maana mchanga ukibaki umeharibu kila kitu.

Ukifika bandika maji kwanza, lita mbili, kijiko cha chakula cha chumvi, kabla hata hujavua viatu. Yakitokota weka tambi, zile ndefu za spageti, pakiti ya gramu 500 chukua chini ya nusu kwa watu wawili, koroga mwanzoni zisigandane, na anza kuonja dakika ya 8. Huku zinachemka, jiko la pili weka mafuta ya alizeti na vitunguu swaumu punje nne umeponda, moto mdogo, vikiwa vya kahawia vinakuwa vichungu kwaiyo vikianza tu kunukia weka nyanya mbili na pilipili. Zikilainika mimina maharage vikombe viwili, yaponde kidogo kwa mgongo wa mwiko, sio yote, robo tu ili mchuzi uwe mzito.

Afu hapa ndo penyewe: usimwage maji ya tambi! Chota kikombe kimoja kabla hujachuja, yale maji yana wanga wa tambi, ukiyamimina kwenye maharage kila kitu kinashikana, mchuzi unazivaa tambi badala ya kukaa chini ya sahani kama supu. Nimeona watu wanamwaga afu wanaongeza maji ya bomba wanashangaa mbona haina ladha. Weka mchicha, dakika mbili tu ubaki kijani, ingiza tambi, geuza, zima.

Kamulia ndimu mwishoni. Ladha ndo inaamka, lakini pia madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage mwili unayapata vizuri zaidi ukila na ndimu, na chai inayazuia, kwaiyo ile chai yako ya usiku inywe lisaa limoja baada ya kula. Mwenzio asiyekula nyama hili linamhusu kuliko wewe, mwambie.

Ukishakuwa na maharage tayari yote hayo ni dakika 25.

Ya Jumanne hii usihangaike, nimeloweka yako pamoja na yangu, Jumapili ukitoka kanisani pitia, na uje na kontena zenye mifuniko.

Mama