Muulize Maalim: Fedha, shaba na ndoo ya maji

SWALI: Asalaam alaykum Maalim. Najifunza usonara kwa mjomba wangu hapa Mkunazini, Unguja. Nimesoma kuwa fedha tupu huyeyuka nyuzi 962 na shaba tupu nyuzi 1085. Mbona tukizichanganya huanza kuyeyuka kabla ya zote mbili? Na kwa nini mjomba akishaichoma bangili huizamisha majini ili ilainike, ilhali kisu cha chuma cha pua hufanyiwa hivyo kiwe kigumu?

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Maswali hayo yananifurahisha, na yote yamo katika mchoro mmoja: mchoro wa awamu, yaani unaoonyesha kwa kila mchanganyiko na kila joto kama madini ni magumu au majimaji. Kushoto weka fedha tupu, kulia shaba tupu, joto lipande juu. Kila upande una mstari wa kuyeyuka unaoteremka, na miwili hiyo hukutana penye shaba asilimia 28, nyuzi 780. Hapo ndipo nukta ya yutektiki, yaani penye joto la chini kabisa la kuyeyuka. Atomu za shaba ni ndogo. Katika majimaji huchanganyika bila taabu, ila fedha ikitaka kuganda hazikai sawa katika safu zake. Basi mchanganyiko hukawia kuganda mpaka joto lishuke zaidi, ndiyo maana pia huanza kuyeyuka mapema.

Fedha yenu ya 925 ina shaba asilimia 7.5. Huanza kulegea kama nyuzi 800, ikawa uji, na humalizika kuyeyuka karibu na 900. Usiimimine ikiwa bado uji. Na lehemu yako lazima iyeyuke chini ya 800, la sivyo bangili itakuharibikia mkononi.

Sasa maji. Tazama ukingo wa kushoto wa mchoro, ambao wengi huupita. Penye nyuzi 780, fedha iliyoganda huweza kubeba shaba hadi asilimia 8.8 hivi, ikipoa, uwezo huo hupungua mpaka karibu kwisha. Bangili ikipoa polepole, shaba hujitenga kuwa punje ndogo mno zinazozuia safu zisiteleze, nayo hukaza. Ukiizamisha, shaba hukosa muda wa kujitenga, bangili ikabaki laini ya kufulika. Katika chuma cha pua kinachonaswa ni kaboni, nayo huzipinda safu zenyewe, ndiyo maana hukaza papo hapo.

Kazi ikiisha, na kama bangili haina kito, ipashe nyuzi 300 kwa muda wa saa moja. Shaba uliyoinasa itajitenga, na bangili haitapinda ovyo mkononi mwa mvaaji.