Lebo yangu inatanuka pembeni mwa chupa. Nimekosea wapi?

Swali: Habari mwalimu. Nachora vifungashio hapa Kariobangi. Mteja wangu anauza juisi ya maembe kwenye chupa ya duara yenye kipenyo cha milimita 65. Nilichora lebo ya upana wa milimita 60 kwenye skechi bapa, kisha nikaipeleka kwenye uso wa chupa ndani ya Fusion, programu ya kuchora modeli za 3D. Nikitazama kutoka mbele, safi. Nikiigeuza chupa, herufi za pembeni zimetanuka. Sasa mteja anataka lebo ya milimita 90, na hiyo imegoma kabisa: kingo zinapita hewani. Halafu ameanza kuulizia chupa yenye tumbo. Nifanyeje?

Jibu: Habari nzuri, ndugu yangu. Programu haina kosa. Umeitupia chupa kivuli cha lebo, na ulichotaka ni kuivisha.

Kivuli husafiri kwa mistari iliyonyooka. Katikati ya chupa kinatua vizuri, ila kadiri uso unavyokwenda upande, ndivyo kinavyoangukia mshazari na kurefuka. Mahali ambapo uso umegeuka nyuzi 60 kutoka katikati, herufi inakuwa na upana maradufu. Kwa vipimo vyako, lebo ya milimita 60 imeishia kufunika milimita 76 za chupa. Kutoka mbele huwezi kugundua, ndiyo maana picha ya kwanza ilikudanganya. Ile ya 90 nayo haikuwa na pa kutua, kwa sababu chupa yenyewe ina upana wa 65 tu.

Ukiivisha, hesabu ni nyingine. Mzingo wa chupa ni 65 mara 3.14, yaani milimita 204. Lebo ya 90 inachukua nyuzi 159 hivi za mzunguko, na hakuna milimita inayoongezeka wala kupungua. Katika Fusion tumia amri ya Emboss. Katika SolidWorks, programu nyingine ya aina hiyo, amri inaitwa Wrap. Weka skechi kwenye bapa linalogusa chupa kwa tanjenti, yaani kwenye mstari mmoja tu bila kuikata, kisha uchague Scribe, inayochora mpaka wa lebo juu ya uso bila kuongeza unene. Wanaotumia programu ya FreeCAD waongeze kiongezi kiitwacho Curves, humo mna amri ya Sketch on Surface. Binafsi siipi lebo unene kwenye modeli. Karatasi ni sehemu ya kumi ya milimita, nayo itakuletea matatizo ya nyuso kugongana bila faida yoyote.

Mteja akihamia vikombe vya mtindi, vilivyo vipana juu na vyembamba chini, usimpe lebo ya mstatili. Mimi nilishawahi, na nikalipia uchapishaji wa pili kutoka mfukoni. Kwenye koni, ukanda ulionyooka hupandisha ncha zake zote mbili kuelekea upande mpana, kikombe kikawa kama kinatabasamu. Chukua kikombe cha kipenyo cha 90 juu, 70 chini, na kimo cha 100. Lebo inayozunguka nusu yake tu itapanda karibu milimita 5 kila ncha. Lebo sahihi ni kipande cha upinde. Ukikikunjua kikombe hicho chote unapata upinde wenye nusu kipenyo cha 452 upande wa nje na 352 upande wa ndani, uliofunguka takriban nyuzi 36. Mchoro wote, pamoja na maandishi, ufuate upinde huo.

Sasa tumbo. Silinda na koni hukunjuka zikawa bapa bila kuvutwa. Uso unaopinda pande mbili kwa pamoja haukunjuki hivyo, na mwanahisabati Gauss alilithibitisha jambo hilo mwaka 1827. Usipomwamini, chukua embe moja la mteja wako ujaribu kulivisha karatasi: itafanya mikunjo au itachanika. Hatari ni kwamba baadhi ya programu zitakubali kuivisha lebo kwenye tumbo, kwa sababu zenyewe zinaweza kuunyoosha mchoro kama mpira. Kwenye skrini unapata picha nzuri, mteja anaipenda, halafu gundi inakataa.

Kwa hiyo itafute chupa yenye tumbo ambayo ina mkanda ulionyooka kiunoni, lebo ikae hapo. Kama haina, punguza kimo cha lebo mpaka mikunjo iishe, au umshawishi mteja aende kwenye plastiki inayonywea kwa joto. Hiyo hufuata umbo, ingawa mchoro lazima uharibiwe makusudi kwanza ili ukishanywea usomeke.

Na kabla hujapeleka faili kwa wachapishaji wa River Road, chapisha lebo kwa karatasi ya kawaida kwa asilimia 100, bila kuiruhusu printa iibane itoshee ukurasa. Ikate kwa makasi na uizungushe kwenye chupa yenyewe, si kwenye modeli. Chupa za kiwandani hazitoshani kipenyo kama ulivyochora, kwa hiyo jaribu kwenye tatu au nne.