Rais na nusu ya kura

SWALI: Shangazi, shikamoo. Kijana wangu anasema hapa Tanzania mgombea urais anaweza kushinda hata kwa asilimia 40. Kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Ni kweli. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yaliondoa sharti la kuvuka nusu ya kura. Anayewazidi wenzake ndiye rais. Mwaka 1995 nilipanga foleni na mtoto mgongoni, nikijua nusu isipopatikana tutarudi. Ningerudi! Sharti hilo nalitaka tena. Kenya wanalo, tena mshindi apate robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Kinachoniuma zaidi ni ibara ya 41(7) ya Katiba yetu: tume ya uchaguzi ikishatangaza mshindi, hakuna mahakama ya kuhoji. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika, hapohapo Arusha, ilisema ibara hiyo inakiuka haki zetu.