Mitungi niliyoitoa kwenye picha

Vijana wangu mnaoanza kazi ya kamera na kuandika hapa Lamu, wawili wenu wamenijia mwezi huu na swali moja. Mke wa mkubwa fulani anakuja Shela, boti kalipa, chumba kalipa, anataka stori nzuri na picha za kwenye matuta ya mchanga, je tukubali? Nikawaambia ntawaandikia maana ndio au hapana peke yake haitoshi.

Mi mwenyewe nilipokua mgeni wa kazi nilichukuliwa kwenda kijiji kimoja kisiwa cha Pate, mke wa mkubwa mmoja anafungua tangi la maji. Tumefika, jua kali, akina mama wako foleni tangu alfajiri na mitungi yao ya manjano, ile ya mafuta ya kupikia, imepangwa mpaka mlangoni pa msikiti. Msaidizi wake akaniambia hii mitungi inaharibu rangi, itoe. Nikaitoa. Nikaibeba kwa mikono yangu mmoja mmoja nikaipanga nyuma ya ukuta wa matumbawe na wenyewe wananitazama tu, halafu bibi mmoja kajifunga leso kiunoni akaniuliza, "Mwanangu, na sisi tukae wapi?" Sikumjibu. Picha ikatoka safi sana, bomba linatiririka, yule mama anatabasamu, nikalipwa na nauli juu. Nilivorudi baada ya mwezi bomba limekauka, tangi lilijazwa kwa ajili ya siku ile tu, na mitungi iko foleni kisimani palepale. Lile swali la yule bibi ndilo lililonifundisha kazi.

Sasa yule hakua mke wa dikteta, nisimzulie. Lakini mkitaka kujua kazi hii ya kutoa mitungi inaweza kufika wapi, someni kisa cha Asma al-Assad, mke wa Bashar al-Assad aliyekua rais wa Syria. Jarida la mitindo la Vogue la Marekani, toleo la Machi 2011, ilimwita waridi la jangwani. Msichana aliyezaliwa London, kafanya kazi benki, mwembamba, anajua kuvaa, anashughulika na watoto, na nyumbani kwake eti mambo yanapigiwa kura. Nyuma ya pazia kulikua na kampuni ya kusafisha majina, Brown Lloyd James, ikilipwa dola 5,000 kwa mwezi kupanga mambo hayo. Na msiseme hao wahariri hawakua na habari, rais Ben Ali alishakimbia maandamano Tunisia tarehe 14 Januari, Mubarak wa Misri kaondoka 11 Februari, kila mtu anaona moto unakotokea. Jarida likiwa bado linauzwa, mji wa Daraa kule Syria watoto walioandika ukutani maneno ya kuupinga utawala walikua washakamatwa na kuteswa, watu wao wakaandamana, wakapigwa risasi. Makala ikaja kutolewa kwenye tovuti kimyakimya. Vita iliyofuata imeua watu zaidi ya nusu milioni kwa makadirio, na mwaka 2012 zikavuja barua pepe zinaonyesha huyo waridi alikua akiagiza vinara vya mishumaa na taa za kuning'inia kutoka Paris wakati wananchi wanazikana. Desemba 2024 utawala wa mumewe ukaanguka, wakaishia Moscow.

Gauni lake lilikua zuri, hilo sibishani. Kinachoniuma ni kwamba kuna mtu alibeba magereza yote ya Syria akayaficha nyuma ya ukuta ili lile gauni lionekane vizuri, na huyo mtu ni mwandishi na mpiga picha kama sisi.

Halafu msidhani kumcheka ndio dawa. Imelda Marcos, mke wa dikteta Ferdinand Marcos, alikimbia Ufilipino Februari 1986 akaacha viatu zaidi ya jozi 1,000, na mpaka leo ukitaja jina lake watu wanataja viatu, viatu vimemeza stori yote. Huyu alikua gavana wa Manila na tena waziri! Mwaka 1981 jukwaa la ujenzi wa jengo lake la sinema liliporomoka usiku, mafundi wakafukiwa kwenye saruji mbichi, kwa sababu walikua wanakimbizwa wamalize kabla ya tamasha la filamu la Januari 1982. Viatu vimewekewa makumbusho kule Marikina. Hao mafundi je?

Kwa hivo ukiitwa, muandike kama mtu mwenye madaraka, uliza ana cheo gani, anasaini nini, pesa ya mradi imetoka mfuko gani. Maneno ya mnyenyekevu sijui mama wa wote waachieni watu wa kampeni. Boti nani kalipa, iandikwe ndani ya stori yenyewe, sio uiseme barazani tu. Wakitaka kuipitia kabla haijatoka basi hilo ni tangazo, waambie bei ya tangazo na juu liandikwe TANGAZO kwa herufi kubwa, hapo umekula halali yako na msomaji hajadanganywa. Najua msimu wa wageni ukiisha hapa mambo huwa magumu na kamera zenyewe wengine mmekopa, siwaambii mlale njaa.

Ila kubwa kuliko yote nendeni siku moja kabla, peke yenu, bila msafara, mkakae na wenye mitungi. Boti za Pate zinaondoka saa ngapi, uliza jetini, pale boti zinapofunga, usiku wake. Na asiye na nauli anipigie, mi huenda Faza kule Pate mara kwa mara, tutapanda pamoja.