Kikombe cha chini ya sinki

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 26, Mkenya Mhindi wa asili ya Kigujarati, mzaliwa wa Nairobi, mtaa wa Parklands. Nilisoma na kufanya kazi Leicester, Uingereza, kwa miaka mitano. Mwaka 2020, George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi kule Minneapolis, niliandamana na wenzangu, bango mkononi. Nilirudi nyumbani nikijiona nimehitimu katika mambo ya ubaguzi wa rangi.

Kwetu kuna mama aliyeanza kazi nikiwa na miaka 7. Ndiye aliyenilea. Chini ya sinki, karibu na sabuni na brashi ya sakafu, kuna kikombe chake cha chuma na sahani yake. Vya kabatini huviosha tu. Utoto wangu wote nilikiona kikombe hicho nisijiulize kitu.

Desemba iliyopita rafiki yangu Mwingereza, tuliyekuwa tukiishi pamoja Leicester, alikuja kukaa nasi wiki mbili. Siku ya pili akakiona, akaniuliza, "Kumbe mna mbwa?" Nilitamani ardhi inimeze. Usiku huo, mezani, nikamwambia mama kuwa huu ni ubaguzi wa rangi. Alilia. Alisema sisi hatuli nyama na yule mama anakula, kwa hiyo ni usafi wa dini. Kwamba amemlipia mwanawe karo hadi kidato cha nne. Na kwamba mimi sikuwepo 1982. Baba akasema babu zetu ndio waliojenga reli, hapana wa kutufundisha habari za nchi hii.

Tangu siku hiyo mama hanisemeshi ila la lazima. Nianzeje upya? Na jambo dogo: sisi sote tunamwita "ayah" tu, yaani yaya. Nimwite nani?

Jina kapuni, Nairobi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, maana miaka thelathini na moja ya kusahihisha insha haimtoki mtu. Nimepiga mstari mahali pamoja tu: huyo rafiki yako wa Leicester. Wiki mbili hizo, chai alikuwa akinywea kikombe gani? Sidhani kama alikuja na cha kwake. Na kama ni Mwingereza wa kawaida, basi amekula ng'ombe, na nguruwe juu yake. Ikiwa neno ni nyama, pale chini ya sinki pangekuwa na vikombe viwili Desemba ile.

Hilo ndilo la kumwuliza mama yako. Muulize mkiwa wawili, mnasukuma chapati, mikono ina unga na macho yana pa kutazama. Ukishauliza, nyamaza. Hapo ndipo penye kazi. Utatamani kuongezea maelezo, utatamani kutaja Minneapolis. Usitaje. Akisema "hilo ni jambo jingine", mwache aseme ni lipi.

Sasa kosa lako, maana unalo. Ulimvua mama yako nguo mbele ya mgeni, tena mgeni wa Kizungu. Kwa watu wa rika lake "ubaguzi wa rangi" ni neno la Makaburu, la mabango ya Afrika Kusini na polisi wenye mbwa. Umemtwika hilo gunia zima usiku mmoja, mezani. Asingelia angekuwa jiwe. Mwombe radhi kwa namna ulivyosema. Ulichosema usikiombee radhi.

Na dini yake iheshimu. Kama jiko lenu haliingii nyama, basi lisiingie nyama ya mtu yeyote, ya mfanyakazi, ya mgeni, wala ya ndugu yenu anayejificha na kuku. Sheria iwe moja na vikombe viwe vya kabati moja.

Kuhusu 1982 mwachie nafasi aongee, hata ikichukua jioni mbili. Tarehe 1 Agosti, wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali, maduka na nyumba za Wahindi Nairobi ziliporwa na wanawake wakanajisiwa. Mama yako alikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mwalimu kijana huku Mombasa, habari tunazipata kwa redio. Shule zilipofunguliwa, mwenzetu mmoja katika chumba cha walimu alisema, "Wacha nao waonje." Tulicheka. Mimi nilicheka, na sijawahi kuliandika hilo mahali kabla ya leo. Neno "Mhindi" kwetu hata sasa ni jina la bosi bahili, hata bosi mwenyewe awe Mkamba. Kwa hiyo usidhani hofu ya mama yako haina mzizi. Ila mwulize, pole pole: aliyekulea miaka yote hii alipora duka gani?

Kwa baba yako nitapita haraka. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga ile reli ya Mombasa hadi Kisumu kati ya 1896 na 1901, na wengi wao walirudi kwao. Familia nyingi za Kigujarati zilikuja kwa ajili ya duka. Si aibu, duka ni kazi. Akitaka babu wa kujivunia, mpe Makhan Singh, Kalasinga, yaani Msikh, aliyekulia katika matbaa ya baba yake hapo Nairobi. Mwaka 1935 chama chake cha wafanyakazi kilifungua mlango kwa watu wa rangi zote, wakati serikali ilipenda kila rangi ikae chumba chake. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alisimama akadai uhuru kamili. Mwezi uliofuata walimkamata, na hakuachiwa mpaka Oktoba 1961. Lakini chunga baba asimgeuze ngao. Makhan Singh hakufungwa ili sisi tuweke vikombe chini ya sinki.

Wazee wako hawakuizua hiyo desturi peke yao. Walizaliwa katika mji uliopangwa kama shubaka: shule za Wazungu, shule za Wahindi, shule za Waafrika, na hospitali hivyo hivyo, na mabehewa hivyo hivyo. Wa juu alimdharau wa kati, wa kati akafundishwa kushukuru kwamba si wa chini. Wazungu wa serikali ile wameondoka, shubaka limebaki jikoni.

Nije kwenye jambo ninalolijua kuliko hayo yote, nalo ni lugha. Barua yako ina Kiswahili kizuri, nami najiuliza kama ndicho mnachomsemesha yule mama. Nimeingia nyumba nyingi za Nairobi, za Wahindi na za Waafrika wenye pesa, nikasikia Kiswahili ambacho hakina kitenzi ila cha amri. Lete. Peleka. Ngoja. Funga mlango. Na ile inayoniuma sikio, "Kuja hapa!", amri ambayo hata amri haijawa, kwa kuwa Kiswahili kina "njoo". Mtu amezaliwa hapa, na baba yake kazaliwa hapa, na hajawahi kuhitaji "naomba", kwa kuwa kila aliyemsemesha kwa lugha hii alikuwa akimtuma. Jaribu mwezi mmoja: naomba, tafadhali, umeamkaje, watoto hawajambo. Usimtangazie mtu. Mama yako ana masikio.

Yule mama mwenyewe usimfanye shahidi. Usimwite sebuleni umwulize anajisikiaje kuhusu kikombe. Atakujibu "hakuna shida", kwa kuwa ana kodi ya nyumba ya kulipa mwisho wa mwezi, na ukishaondoka chumbani yeye ndiye anayebaki na mama yako. Wala usijitie kunywea kikombe chake wewe ili waone. Huo ni mchezo wa kuigiza, na hasara yake ataibeba yeye.

Unachoweza kufanya ni kuuliza karatasi. Ana mkataba wa maandishi? Sheria ya Ajira ya 2007 inautaka. Anapata siku yake ya mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo? Michango yake ya NSSF, ile hazina ya taifa ya pensheni, ipo, ya miaka yote kumi na tisa? Karo aliyolipa mama yako ni wema wa kweli, usiubeze, lakini wema hutolewa mtu akipenda, na pensheni hudaiwa. Hapa mkabili baba yako. Ni mtu wa vitabu vya hesabu, ataelewa deni akilionyeshwa. Na itamgharimu zaidi ya kikombe, kwa hiyo jiandae kwa ubishi mkubwa kuliko ule wa mezani.

Naona nimekusema sana, haya nijiseme na mimi. Nyumbani kwangu, mimi Mswahili wa Mombasa, kulikuwa na kikombe cha plastiki cha buluu. Kilikuwa cha dada wa kazi, mwenyeji wa Kwale. Rangi yetu ni moja, swala zetu ni zile zile. Lakini nililelewa na watu waliosema "Mnyika", jina la dharau kwa Wamijikenda kama yeye, kama anayetema kitu, na niliyapokea kwa fahari masimulizi ya wazee wetu wa Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, waliodai kwa Mwingereza, katika miaka ya 1920, wasihesabiwe pamoja na wenyeji wengine. Siku moja dada huyo akashikwa na malaria. Nikamchemshia chai ya tangawizi, mkono ukaenda wenyewe kwenye kile cha buluu. Nikakitazama kwa mara ya kwanza. Ukingoni kilikuwa na ufa ulioingia weusi, wa miaka, na mpini ulikuwa umeungwa kwa moto wa mshumaa. Mimi nisingekinywea. Nilisimama pale chai ikipoa, kisha nikakitia kwenye taka na kufungua kabati. Hakusema lolote aliponiona na kikombe cha maua. Alikishika kwa mikono miwili, akinywa upesi upesi, kama anayeogopa kukivunja. Zilipita wiki kadhaa kabla hajakinywea bila kuniangalia kwanza.

Sasa hilo la jina. "Ayah" si jina, ni kazi. Kwetu mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani, lakini si kila mtu hupenda hivyo, na hata umri wake huenda ukataka uongeze heshima nyingine. Mwulize mwenyewe: "Nyumbani kwenu wanakuitaje?" Mimi yule dada wa Kwale nilimwuliza baada ya miaka minne. Alicheka kwanza, akiziba mdomo kwa ncha ya leso, ndipo akanitajia jina la mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo nilikuwa nimemshonea sare za shule mara tatu, kwa kipimo cha uzi wenye mafundo alioniletea mama yake.