Maswali Yenu: Ladha ya Jiwe Ndani ya Chablis

Muuza mvinyo aliniambia Chablis, mvinyo mweupe wa Ufaransa, ina ladha ya mawe na maganda ya chaza. Nimefungua chupa mbili, nikaambulia uchachu wa ndimu tu. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Ndugu msomaji, tunashuku friji. Friji la nyumbani hupoza hadi nyuzi 4 hivi, na kwa baridi hiyo harufu hulala, ulimi hufa ganzi, inabaki asidi peke yake. Chablis inataka nyuzi 10 hadi 12. Toa chupa dakika 15 au 20 kabla ya kumimina. Kwa joto la pwani mimina kidogo, mililita 60 au 70, kisha chupa ikae kwenye ndoo ya maji na barafu. Ukijaza glasi, nusu ya mwisho utainywa vuguvugu.

Glasi iwe na shina, na mdomo mwembamba kuliko tumbo. Nusa kabla ya kuizungusha, maana ile harufu ya kiberiti kilichotoka kuwashwa, au ya mawe ya jua kali yaliyopigwa na mvua, ni nyepesi na huwahi kutoroka. Sasa zungusha, unuse tena: ndimu na tufaha bichi ndio hujitokeza. Piga funda dogo, lipitishe hadi kwenye ufizi kwa sekunde tano, meza, halafu toa pumzi kwa pua na usubiri. Tunda likishaondoka, mate hujaa pembeni mwa ulimi, kisha huja chumvi ya mbali na ukavu wa chaki. Aliyewahi kutafuna udongo wa pemba ataujua papo hapo. Wengi huwahi funda la pili kabla haujafika, ndiyo maana wanaukosa.

Chablis iko kaskazini mwa Burgundy, Ufaransa, kando ya mto Serein, na zabibu yake ni Chardonnay tu. Mashamba yake bora yamekaa juu ya chokaa na mfinyanzi vilivyojaa visukuku vya chaza wadogo, mabaki ya bahari ya miaka milioni 150 hivi iliyopita. Hata hivyo mizizi hainyonyi ladha ya ganda. Madini yanayopanda hadi kwenye zabibu ni haba mno kwa ulimi kuyaonja. Hisia ya jiwe huchangiwa zaidi na baridi ya kule, inayoiacha zabibu na asidi nyingi, pamoja na chembe za salfa zinazozaliwa mvinyo unapochachuka. Tena Chablis nyingi hulelewa kwenye matangi ya chuma, hivyo hakuna vanila ya mapipa ya mwaloni ya kuifunika. Baadhi ya Premier Cru na Grand Cru, madaraja ya juu ya Chablis, hupitia mapipa, kwa hiyo anayejifunza aanze na chupa iliyoandikwa Chablis tu.

Chini ya chupa nimekuta punje zinazong'aa. Ni vioo?

Hapana. Ni chumvi ya asidi ya tartari iliyoganda kwa baridi, haina madhara. Mimina taratibu, uache funda la mwisho.

Nitajuaje kwamba imeharibika?

Ikinuka katoni iliyolowa, kizibo kimeiharibu na hakuna dawa. Ikinuka yai viza, izungushe kwenye glasi dakika kumi. Mara nyingi huisha. Rangi ikiwa dhahabu nzito kwenye chupa changa, harufu ni ya tufaha lililokatwa likaachwa wazi, na kizibo kimesukumwa juu, chupa hiyo ilipigwa joto njiani au dukani. Tazama kizibo kabla ya kulipa.

Niinywe na samaki wa nazi?

Tungekuzuia. Utamu wa nazi huufanya mvinyo uonekane mkali na mwembamba, na pilipili huzidisha ukali huo. Changu wa kuchoma kwa chumvi na ndimu anaiweza vizuri, na chaza mbichi zaidi, bila kachumbari.